Shangazi Anajibu: Vijana waliozaliwa wote tarehe 1 Januari

Toleo lililopita niliandika juu ya filamu ya hali halisi inayowafuata vijana watatu wa Afghanistan walioingia Uswidi mwaka 2015 bila mzazi wala ndugu, wakaomba hifadhi, wakanyimwa. Mwishoni nikadokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba katika miaka hiyo hiyo mimi mwenyewe nilikuwa mlezi wa kisheria wa kijana mmoja wa namna hiyo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Barua zimekuja kwa mafungu. Nimechukua tano, nikazipunguza urefu. Zile za matusi nimeziacha kwenye bahasha zake.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niliitazama ile filamu na mwanangu wa miaka tisa. Kuna mahali kamera inaonyesha kadi za wale vijana watatu zikiwa mezani. Mwanangu akaruka: "Mama, wote wamezaliwa siku moja!" Nikarudisha nyuma nikaangalia, kweli, kadi zote tatu zimeandikwa tarehe 1 Januari. Ni makosa ya watengenezaji, au wamebadilisha makusudi ili vijana wasitambulike?
Mama wa mtazamaji mdogo

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo mdogo ana jicho la mhariri wa picha, maana mimi niliitazama filamu mara mbili ndipo nikaziona hizo kadi. Si makosa wala si ujanja. Ndivyo kadi zao zilivyo.

Uswidi mtu haandikishwi bila tarehe kamili: mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo. Sasa chukua mtoto aliyezaliwa kijiji cha milimani huko Ghazni, Afghanistan, mahali ambapo hakuna karani wa vizazi, na mama anawahesabu wanawe kwa majira: huyu wa mavuno, huyu wa theluji iliyofunga njia. Mwaka anaujua, msimu anaujua. Siku na mwezi hana. Mwenye kujaza fomu anaweka 01-01, mambo yanaendelea. Mwaka 2015 watoto 35,369 waliomba hifadhi Uswidi bila wazazi, na karibu theluthi mbili yao walikuwa Waafghanistan. Piga picha wewe mwenyewe ni vijana wangapi hutimiza mwaka pamoja kila Januari mosi.

Siku na mwezi lakini ni afadhali. Balaa ni mwaka, na hapa inanibidi niseme jambo ambalo toleo lililopita nililikwepa.

Iran hutumia, na Afghanistan ya wakati ule ilitumia, kalenda ya jua ambayo mwaka wake huanza siku ya Nowruz, tarehe 20 au 21 Machi. Kijana wangu alikuwa na kikao cha kuthibitisha taarifa zake, nami nimekaa kulia kwake kama mlezi. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti inakatikakatika. Umezaliwa lini? Kijana akajibu bila kusita: 1378, wakati wa baridi. Mkalimani akatoa namba. Maneno "wakati wa baridi" yakafuata baadaye kidogo, yakapita kama kikohozi. Afisa, mama mpole sana, akatutazama akauliza: huo ni mwaka gani kwetu? Wote kimya. Basi mimi, mjuaji, niliyekwisha kusoma mtandaoni kwamba unajumlisha 621, nikatoa simu, nikajumlisha, nikamgeuzia kioo aone mwenyewe. 1999. Akanishukuru. Ikaandikwa 1999-01-01.

Kujumlisha 621 ni sawa kwa aliyezaliwa kuanzia Nowruz mpaka mwisho wa Desemba. Aliyezaliwa Januari, Februari au Machi kabla ya Nowruz anajumlishiwa 622. Kijana wangu, mama yake alimwambia alizaliwa mwezi wa Bahman, unaoangukia mwishoni mwa Januari mpaka katikati ya Februari. Huyo ni mtoto wa mwaka 2000. Kwa hesabu ya sekunde kumi nilimzeesha kwa mwaka mmoja na mwezi.

Niligundua lini? Tarehe 20 Machi 2016. Alikuja kwangu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akaniambia heri ya mwaka mpya, leo ni 1395. Nikacheka, nikafanya hesabu kichwani kama mchezo: 1395 na 621, 2016, sawasawa. Kisha nikajiuliza, na jana? Jana ilikuwa 1394. Na 621 ni 2015. Lakini jana haikuwa 2015. Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini taratibu, nikamwuliza tena alizaliwa msimu gani.

Niliandika barua ya maelezo wiki ile ile. Haikusaidia kitu, na sina wa kumlaumu. Sheria inamtaka mwombaji mwenyewe auonyeshe umri wake kwa kiwango cha kuaminika, na karatasi pekee iliyokuwapo ni ile yenye hesabu yangu. Mwombaji anayebadilisha mwaka wa kuzaliwa katikati ya safari huonekana anatafuta upenyo. Tarehe 1 Januari 2017 akatimiza miaka 18 ya kwenye karatasi, na ulezi wangu ukaisha siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu mzima hana mlezi. Nilikuwa nimemwokea keki kabla sijakumbuka ninasherehekea nini. Alikula vipande viwili, kwa adabu.

SWALI: Shangazi, samahani, lakini tusidanganyane. Yule kijana wa pili kwenye filamu ana ndevu na sauti ya mtu wa kwenye gati. Mtoto gani yule? Hawa wanajipunguzia miaka halafu nyinyi mnawalilia. Kwa nini wasipimwe tu ijulikane moja?
Msomaji asiyedanganyika

SHANGAZI: Ndugu yangu, wapo waliojipunguzia. Nilimjua mmoja aliyeninong'oneza umri wake wa kweli tukiwa kwenye foleni ya basi, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Sitakuficha hilo, na filamu nayo ingefanya vyema isilifiche.

Ila kupimwa walipimwa. Kuanzia mwaka 2017 taasisi ya serikali ya tiba ya kisheria ilianza kuwapiga eksirei ya magego ya mwisho na kipimo cha MRI cha goti. Kwenye goti wanaangalia ncha ya chini ya mfupa wa paja: mtoto anayekua huwa na ukanda laini pale, naye akikomaa ukanda unafunga. Umefunga, basi matokeo yanaandikwa kwamba "yanaashiria" ana miaka 18 au zaidi. Neno hilo, "yanaashiria", lilifanya kazi kubwa kuliko uzito wake. Mfupa haujui Januari mosi. Wapo wavulana wanaofunga goti na miaka 16 au 17, wapo wenye 19 ambao bado. Madaktari na wataalamu wa takwimu wa huko huko Uswidi walibishana hadharani, magazetini, kwamba kipimo kinawavusha mstari watoto wengi ambao hawajaufikia. Wengine wakakitetea: kuliko kukisia kwa macho, afadhali goti.

Na wewe umekisia kwa macho, tena kupitia kioo cha simu. Ndevu? Nina mpwa aliyeanza kunyoa darasa la saba.

Kijana wangu hakupimwa. Kwa hesabu yangu alikuwa mtu mzima tayari.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma sheria mwaka wa tatu. Filamu inatuonyesha kijana akifungua barua ya kukataliwa lakini haitusomei sababu. Afghanistan ya wakati ule ilikuwa vitani, kila mtu anajua. Mtu anakataliwaje? Na kwa nini kila mmoja mle ndani anazungumzia miaka 18 kama vile ni hukumu ya kunyongwa?
Mwanafunzi wa sheria

SHANGAZI: Marahaba. Swali lako ndilo ningependa mwongozaji angelijibu, badala ya ile dakika nzima ya theluji ikianguka.

Vita peke yake havimpi mtu ukimbizi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataka uwe unahofia kuteswa kwa sababu ya asili yako, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kuwa kwako kwenye kundi fulani la jamii. Kuna ulinzi mwingine chini ya huo, wa anayekabiliwa na madhara makubwa, lakini hapo nako maafisa hupima mkoa kwa mkoa. Halafu linakuja neno ambalo kila kijana wa mwaka 2015 alilijua kwa Kiswidi kabla hajajua kuomba chumvi: kimbilio la ndani. Maana yake, hata kama kwenu si salama, je, huwezi kuishi kwingine ndani ya nchi yako? Barua zikasema Kabul, au Herat, au Mazar-i-Sharif. Wengi wa vijana hawa ni Wahazara, jamii ya wachache ya Afghanistan, waliokulia Iran bila karatasi. Wangu aliondoka Ghazni na miaka minne, akakulia pembezoni mwa Isfahan akishona mifuko ya ngozi na babake. Kabul hakuwahi kuiona. Alinionyesha kwenye ramani ya simu kwa kidole, akaukuza mji mpaka vikabaki vipaa, akaniuliza, "Nishuke wapi?"

Sasa hiyo 18. Sheria ya Ulaya, na ya Uswidi pia, inakataza kumrudisha mtoto aliye peke yake mpaka nchi ijiridhishe kwamba kuna ndugu, mlezi au kituo kinachofaa cha kumpokea. Afghanistan mapokezi hayo yalipatikana kwa nadra. Kwa hiyo mtoto aliyekosa hifadhi kwa hoja za mkataba bado aliweza kubaki, kwa kuwa hakuna pa kumkabidhi. Akitimiza 18, swali la nani atampokea halipo tena. Maelezo ni yale yale, hatari ni ile ile, mtu ni yule yule, kilichobadilika ni kalenda. Nami niliisogeza kalenda ya mwenzangu. Barua yake ilikuja Machi 2017. Kwa umri aliotajiwa na mama yake alikuwa na miaka 17.

Kwenye masomo yako utaikuta hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 14 Januari 2021, kesi iliyotoka Uholanzi, inayoitwa TQ. Mahakama ilisema nchi haiwezi kumwandikia mtoto amri ya kuondoka bila kuhakikisha mapokezi, halafu ikakaa ikisubiri atimize 18 ndipo imwondoe. Isome yote. Kwa waliokuwa watoto mwaka 2015 imekuja wakiwa wameshaota ndevu, kama ndugu yetu wa barua ya juu alivyoona.

Ujue pia kilichotangulia. Mwaka ule watu 162,877 waliomba hifadhi Uswidi, nchi ya watu wasiofika hata milioni 10. Tarehe 24 Novemba 2015 Waziri Mkuu Stefan Löfven alisimama mbele ya waandishi kutangaza kwamba mlango unafungwa kiasi: vibali vya kudumu viwe vya muda. Naibu wake, Åsa Romson, alilia pale pale. Sheria yenyewe ikaanza Julai 2016. Kisha mwaka 2018, Juni, bunge likapitisha sheria nyingine, ya kuwaruhusu baadhi ya waliokataliwa wabaki wamalize sekondari ya juu: uwe uliomba kabla ya tarehe hiyo ya Novemba au siku yenyewe, uwe ulisubiri jibu miezi 15 au zaidi, uwe ulikuwa mtu mzima wakati wa kujibiwa. Ukimaliza shule ulikuwa na miezi sita ya kupata kazi inayoeleweka. Yaani walewale ambao umri uliwaumiza, safari hii umri ukawa tiketi. Usiniulize mantiki.

SWALI: Shangazi, mimi ni mtengenezaji wa filamu ninayeanza. Nataka kupiga filamu kama ile, juu ya vijana waliokataliwa hifadhi. Nimeshapata mmoja, ana miaka 16, anataka sana kuonekana. Nianzie wapi? Nifiche sura yake au nisifiche?
Mwanafilamu chipukizi

SHANGAZI: Anzia kwa kutowasha kamera. Nakwambia kwa sababu nimewaona waliowasha.

Majira ya kiangazi ya 2017 lilikuja kundi moja la wapiga filamu, watu wazuri tu, wakamwomba kijana wangu awe mhusika. Siku ya kwanza walitaka atembee kando ya ziwa akitazama maji. Akatembea. Mwongozaji akasema, vizuri, sasa polepole kidogo. Akatembea tena. Mara ya tatu akamwambia afikirie mama yake. Kijana akasimama, akauliza kwa Kiswidi safi, "Nimfikirie vipi?" Hakuna aliyejibu. Aliichomoa maikrofoni kifuani yeye mwenyewe, akaikunja waya vizuri kabisa, akamrudishia fundi wa sauti. Tukaenda kula aiskrimu.

Kuhusu sura: ficha, au piga kwa namna ambayo unaweza kuificha baadaye. Kesi inaweza kufunguliwa upya, anaweza kurudishwa kweli, na filamu yako itamsubiri uwanja wa ndege. Anachokisema mbele ya kamera kikitofautiana hata kwa neno moja na alichosema kwenye mahojiano ya hifadhi, kuna atakayeliona hilo neno. Basi usimwombe asimulie safari. Safari ameshaisimulia kwa watu wenye mamlaka ya kumwamini au kutomwamini, amechoka, na wewe huna hata hayo mamlaka.

Idhini ya mwenye miaka 16 ichukue kwake na kwa mlezi wake, kisha uiombe upya akiwa mkubwa, ukiwa tayari kusikia hapana na kutupa miezi sita ya kazi. Kama hilo huliwezi, piga filamu nyingine.

Unachoweza kupiga ni kingi. Mikono. Mkoba wa shule wenye kila karatasi ya kesi, kwa sababu hawamwamini mtu kuwatunzia. Sauti ya mlango wa sanduku la barua. Kwenye ile filamu tuliyoitazama, kitu cha thamani kuliko vyote ni zile kadi tatu mezani, sekunde nne, tena nadhani mpiga picha hakukusudia.

SWALI: Shangazi, kijana wako yuko wapi sasa? Usituache hewani.
Wengi wenu, kwa maneno tofauti

SHANGAZI: Rufaa ya kwanza ilikataliwa Novemba 2017. Mahakama ya juu ikakataa kuisikiliza Februari 2018. Aprili akaniachia funguo za baiskeli na kamusi, akapanda basi kwenda Ufaransa, kama walivyofanya vijana wengi wa kundi lake. Sheria ya shule niliyomweleza mwanafunzi ilipita Juni. Alikuwa na sifa zote: Oktoba 2015, miezi 17, mtu mzima siku ya kujibiwa. Lakini ilimtaka aliye Uswidi, na yeye alikuwa analala chini ya barabara ya juu kaskazini mwa Paris, karibu na Porte de la Chapelle, pembeni ya vijana wengine waliokuwa wakizungumza Kiswidi kati yao.

Ndiyo, Kiswidi. Wafaransa waliokuwa wakigawa supu walishangaa Waafghanistan hawa wana lugha gani. Ndiyo lugha waliyobalehe nayo.

Ufaransa ilimzungusha kwanza, kwa kuwa alama za vidole vyake zilikuwa Uswidi, na sheria za Ulaya zinasema nchi ya kwanza ndiyo yenye kesi. Muda wa kumrudisha ulipopita, kesi ikawa yao. Mwaka 2020 akapewa hifadhi, kwa maelezo yale yale niliyoyasikia nikiwa nimekaa kulia kwake. Uswidi ilisimamisha kuwarudisha watu Afghanistan Julai 2021, na Agosti 15 Kabul ikaanguka mikononi mwa Taliban. Usiku ule alinipigia hakusema kitu, tulibaki kwenye simu tu tukisikia televisheni mbili.

Sasa ni fundi umeme. Amenenepa kidogo. Karatasi zake za Kifaransa zilinakili tarehe aliyokuja nayo: Januari mosi, 1999. Mwaka jana nilimwambia niko tayari kusafiri, kuandika, kuapa, chochote, ili irekebishwe iwe ya mama yake. Alikuwa juu ya ngazi, nasikia drili inasimama. Akafikiri kidogo, akasema niiache hivyo hivyo, amepiga hesabu: atastaafu mwaka mmoja mapema.